Mkate Chini ya Mretemu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Funzo la Juma Hili: 1 Fal. 18:41–46; 1 Fal. 19:1–9, Zab. 127:2, Mk. 4:35–39, Dan. 1:8–16, Yn. 4:5–8, Mk. 6:30–32, Kum. 5:12–15, 1 Kor. 6:19, 20.

Fungu la Kukariri: 1 Wafalme 19:7. Lisome katika Biblia yako mara tatu kabla ya kulala usiku wa leo.

Barabara inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Inapita Chalinze na Morogoro, inakata hifadhi ya Mikumi, inafika Ruaha Mbuyuni, halafu inapanda mlima Kitonga kuelekea Ilula na Iringa. Baada ya hapo ni Mafinga, Makambako na Mbeya. Kwa malori mengi Tunduma si mwisho wa safari. Shehena inavuka kuingia Zambia, na nyingine inavuka tena mpaka wa Kasumbalesa hadi Lubumbashi, kisha gari linarudi bandarini na shaba.

Dereva mmoja wa njia hiyo, shemasi katika kanisa lake, alifika Makambako kichwa kikimgonga. Alidhani ni malaria. Muuguzi wa zahanati alimpima malaria, hakukuta kitu. Akamfunga mkono kipimo cha presha. Kikasoma 178 kwa 110. Alimkalisha robo saa, akapima tena, namba haikushuka. Akampa dawa, akamwandikia karatasi, akamwambia asiendeshe siku hiyo. Shemasi alishukuru, akarudi kwenye gari, akaiweka karatasi ndani ya Biblia iliyokaa juu ya dashibodi, akawasha injini. Alikuwa na shehena iliyotakiwa Lubumbashi, na watoto watatu shuleni. Tena alijua kwamba dereva mgonjwa hukabidhiwa ufunguo wa nyumbani, si wa gari.

Juma hili linahusu mwili wa mtu huyo, na mwili wa yeyote ambaye kazi yake humtaka akae, asile kwa wakati, na asilale. Ni mwili ambao Paulo anauita hekalu (1 Kor. 6:19). Biblia inaye msafiri aliyechoka kuliko wote, naye Mungu alimtendea kwa namna inayostahili kutazamwa polepole.

JUMAPILI

Nabii Aliyeishiwa Nguvu

Soma 1 Wafalme 18:41–46 na 19:1–8. Ni mambo gani yaliyomchosha Eliya kabla hajafika chini ya mretemu?

Hesabu inaanza juu ya mlima Karmeli. Eliya alisimama mbele ya taifa zima tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya moto kushuka hakwenda kulala; alipanda juu kuomba mvua, akamtuma mtumishi wake akaangalie bahari mara saba. Mvua ilipokuja alikimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli, mwendo wa zaidi ya kilomita 20, tena kwa miguu. Ahabu alikwenda kula na kunywa (18:42). Kuhusu Eliya, Maandiko hayataji kwamba alikula chochote siku hiyo.

Halafu ukaja ujumbe wa Yezebeli. Eliya alikimbia kutoka Yezreeli hadi Beer-sheba, zaidi ya kilomita 150. Huko alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Kila dereva anajua maana ya kuendelea bila utingo: hakuna wa kuongea naye, hakuna wa kusema “mzee, tupumzike.” Mtu aliyekaa chini ya mretemu akiomba kufa alikuwa na hofu ya kweli, lakini pia alikuwa na njaa, kiu, upweke na usingizi wa siku nyingi. Ni vigumu kusema ombi lake lilitoka wapi zaidi, moyoni au mwilini. Huenda yeye mwenyewe hakujua.

Wahubiri wengi wamemlaumu Eliya kwa saa hiyo. Malaika hakumlaumu. Alimgusa, akamwambia ale. Karibu na kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa kwenye makaa na chombo cha maji. Eliya alikula, akanywa, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Alimgusa mara ya pili na kumlisha mara ya pili. Swali la Mungu, lile la kumuuliza anafanya nini hapo, lilikuja baadaye kabisa, pangoni Horebu, baada ya siku 40 za njia (19:9). Wakati nabii ana njaa hakuulizwa kitu.

Sababu inayotolewa katika fungu la 7 ni ya kawaida mno kiasi kwamba wasomaji huipita. Njia ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa yule aliyetakiwa kuipita. Malaika hakuifupisha, wala hakusema kwamba mtu wa imani hahitaji mkate. Mungu aliyeweza kumfikisha Eliya Horebu kwa kufumba na kufumbua alichagua kumpikia.

Shemasi wa Makambako aliomba njia nzima. Aliomba kwenye kona za Igawa, aliomba akishuka Mbeya, na hakuna ubaya katika kuomba. Ila vidonge alivyopewa vilikuwa mfuko wa shati, havijafunguliwa. Kama malaika angemgusa bega usiku ule, huenda angemwonyesha mfuko.

Je, ni lini ulipochukulia kama udhaifu wa kiroho jambo ambalo kumbe lilikuwa njaa au usingizi? Ungemsemesha vipi mtu kama Eliya kabla hajala?

JUMATATU

Usingizi Si Adui

Soma Zaburi 127:2 na Marko 4:35–39. Usingizi unaonyeshwaje katika mafungu haya?

Mwimbaji wa Zaburi anawatazama watu wanaoamka mapema sana na kuchelewa kulala, wakila chakula cha taabu, naye anasema kazi yao ni bure. Usingizi anauweka upande wa zawadi. Na Yesu, baada ya siku ya kufundisha kando ya ziwa, alilala ndani ya chombo kilichokuwa safarini, huku wengine wakikiendesha. Hakujilaumu alipoamshwa.

Katika barabara za mbali usingizi hutendewa kama mwizi. Wapo wanaotafuna mirungi, ingawa sheria ya Tanzania inaikataza. Wapo wanaokunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, kopo baada ya kopo, na kahawa chungu ya vituoni. Vitu hivi haviondoi haja ya kulala, huificha tu. Nusu ya kafeini iliyonywewa huwa bado mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo dereva anayeegesha gari usiku wa manane hulala usingizi mwepesi, na kesho yake anahitaji kopo jingine. Mirungi hupandisha presha na mapigo ya moyo, huua hamu ya kula, kisha inapoisha mwili huanguka ghafla. Mara nyingi hilo hutokea alfajiri, saa ambayo macho yana uzito kuliko saa zote.

Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapa uchunguzi uliofanyika Australia. Watu waliokaa macho kwa saa 17 mfululizo walipewa majaribio ya kuona na kutumia mkono. Walikosea kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri anafikia kiwango hicho saa tatu usiku. Mwadventista ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake anaweza, saa tatu usiku, kuendesha lori la tani nyingi kupita Mikumi akiwa na mikono ya mlevi. Ni neno gumu, lakini aliye kwenye basi linalokuja mbele ana haki ya kulisikia likisemwa kanisani.

Liko jambo jingine ambalo shahidi wake ni utingo. Mtu mnene wa shingo anayekoroma kwa nguvu, kisha akakata pumzi kwa sekunde kadhaa na kushtuka kama anayezama, anaweza kulala saa 8 na kuamka amechoka. Ni ugonjwa wenye tiba, nao hupandisha presha. Kijana anayelala kitanda cha nyuma ya kabini na kusikia hayo kila usiku asinyamaze kwa heshima. Amwambie mzee wake akamwone daktari.

Usingizi unapokuja njiani dawa yake ni kuegesha mahali salama panapojulikana na kulala. Hata dakika 20 husaidia. Kufungua dirisha na kuimba nyimbo za Kristo kwa sauti ni kuzuri kwa roho, ila hakuzuii kope kufunga.

JUMANNE

Sufuria la Safarini

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alikuwa na sababu nyingi za kula kilichowekwa mbele yake. Ni zipi?

Alikuwa mbali na nyumbani. Chakula kilikuwa tayari, kilikuwa cha bure, na mwenye kukitoa ndiye aliyekuwa mwajiri. Hata hivyo alikata shauri moyoni, akaomba kwa adabu, akapendekeza jaribio la siku 10 la vyakula vya mimea na maji. Siku 10 ni karibu sawa na safari ya kwenda na kurudi kwa dereva mwenye bahati mpakani. Ni muda mfupi wa kuanzia, na huenda ndiyo sababu Danieli aliuchagua.

Kabla ya kumshauri dereva kuhusu chakula inafaa kuelewa kwa nini anakula anavyokula. Wengi hupewa posho ya safari, na kilichobaki ni chao. Anayekula chipsi mayai mara moja kwa siku, usiku, na kushindia soda na biskuti, mara nyingi anaibana posho hiyo ili ada ya mtoto itimie. Si mlafi. Anastahili heshima kwanza, ushauri baadaye.

Lakini hesabu ya mwili haina huruma. Chupa ya soda ya mililita 500 mara nyingi huwa na sukari ya gramu 50 na zaidi, yaani vijiko vya chai 12 au 13. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Chupa moja inaumaliza mgao wa siku nzima, na dereva anakunywa tatu kwa sababu ya joto la Ruaha. Chumvi nayo inatakiwa iwe chini ya gramu 5 kwa siku, pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ile ya kwenye mchuzi wa hotelini, chipsi na karanga za kukaanga. Mtu mwenye presha ya 178 hana nafasi ya kuchezea hapo.

Wapo pia waumini waliokwishachora mstari wao. Hawali kiti moto, hata kituo kizima kikinukia. Vema. Ila aliyekataa kiti moto kisha akashushia chipsi zake kwa soda tatu amelinda sehemu moja ya fundisho la kiasi na kulisahau lililobaki.

Kinachowezekana barabarani ni zaidi ya kinachodhaniwa. Jiko dogo la gesi, sufuria moja, ndoo yenye mfuniko na bakuli mbili hukaa vizuri kwenye sanduku la pembeni. Siku ya kwanza chakula hutoka nyumbani: maharage yaliyokwisha kuchemshwa bila chumvi nyingi, yaliwe kabla hayajachacha. Siku zinazofuata ni za choroko, kwa kuwa huiva upesi kuliko maharage na haziharibiki zikiwa kavu. Unga uwe wa dona, maana sembe imeondolewa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na lishe yake kinuni. Vitunguu viko Ruaha Mbuyuni, nyanya ziko Ilula, maparachichi, viazi na ndizi ziko nyanda za juu kuanzia Mafinga hadi Mbeya. Barabara hii inapita katikati ya bustani za nchi, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanaoipita kila juma hula kama watu wa jangwani. Gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kiwango cha chini kinachoshauriwa, ni kama machungwa mawili, nyanya mbili na fungu la mchicha.

Tahadhari moja: jiko lisiwashwe ndani ya kabini, wala karibu na gari la mafuta, hata likiwa tupu. Anayebeba mafuta aende kwa mama lishe, amwombe maharage mengi, mboga mara mbili na mafuta kidogo. Akina mama hawa husikiliza mteja. Wakizoea sahani ya namna hiyo huitayarisha kabla hujashuka garini.

Na maji. Madereva wengi hawanywi ya kutosha kwa sababu rahisi: hawataki kusimama kila mara kuchimba dawa. Dawa nyingine za presha huongeza mkojo, basi mtu huacha maji, kisha huacha na dawa. Mkojo wenye rangi ya chai ni mwili unaolalamika. Kusimama dakika 5 kila baada ya saa mbili ni gharama ndogo, na mwenye presha asiache kidonge kwa sababu leo anajisikia mzima. Presha haina desturi ya kuuma. Mwenye kisukari anayetumia insulini apange milo yake na daktari kabla ya safari, asiruke mlo, naye abebe kitu kitamu karibu na mkono kwa ajili ya saa ambayo sukari inashuka ghafla.

Ni badiliko gani moja la chakula unaloweza kulijaribu kwa siku 10 tu, kama Danieli? Nani atakuwa shahidi wako?

JUMATANO

Mara 25 Kuzunguka Gari

Soma Yohana 4:5–8. Yesu aliketi kisimani kwa sababu alikuwa ametembea. Dereva ana uchovu wa aina nyingine, wa kukaa, nao hautibiwi kwa kukaa tena kwenye kijiwe cha madereva.

Miguu iliyokunjwa saa nyingi huvimba, na damu inaweza kuganda ndani ya mishipa yake. Mgongo unauma, kitambi kinakua, sukari inapanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, ambazo ni dakika 30 katika siku tano. Hakuna anayehitaji uwanja. Lori na tela lake lina urefu wa mita 17 hivi au zaidi. Kulizunguka mara 25 kwa mwendo wa haraka ni karibu kilomita moja, na wakati huohuo matairi yanakaguliwa, kamba zinaonekana, taa iliyoungua inagunduliwa. Foleni ya mpakani, ambayo kila mtu huilaani, ina dakika 30 nyingi ndani yake. Aliye na maumivu ya kifua au presha isiyotulia amwone daktari kwanza, aanze polepole.

Kupanda na kushuka kabini kwa kukimbia si zoezi. Kumewavunja wengi vifundo.

ALHAMISI

Bwana Mwenye Watumishi Waliochoka

Soma Marko 6:30–32 na Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Ni nani anayeagiza pumziko katika mafungu haya, na ni kwa faida ya nani?

Mitume walirudi na taarifa nzuri. Kazi ilikuwa imekwenda vizuri, na watu walikuwa wengi wakija na kwenda hata hawakupata nafasi ya kula. Kiongozi mwingine angesema wakati ni huu, tusilegee. Yesu aliwatoa hapo, akawapeleka mahali pasipo watu wapumzike. Hakungoja waombe ruhusa.

Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati inamgeukia mwenye mali. Inamtaja mtumwa, mjakazi, ng’ombe na punda, nayo inataka mtumishi apumzike sawa na bwana wake, kwa sababu Israeli nao waliwahi kuwa watumwa. Kwa hiyo haitoshi kanisa kumhubiria dereva habari za kulala na kula. Katika makanisa mengi ya mjini wapo wamiliki wa malori, wahasibu wa kampuni, na wanaopanga ratiba za shehena. Mmiliki anayehesabu siku za kufika bila kuhesabu usiku wa kulala, halafu akatoa zaka ya faida hiyo, anahitaji kulisoma fungu la 14 akiwa peke yake. Dereva anayeficha ugonjwa kwa kuogopa kufukuzwa hajatenda sawa, lakini hofu hiyo kuna mtu aliyeipanda.

Yako na yanayowezekana kwa kanisa lililo kando ya barabara kuu. Idara ya afya inaweza kuwa na kipimo cha presha na cha sukari, na siku moja katika juma inayojulikana na madereva. Sabato inapomkuta msafiri kwenye foleni ya Tunduma hawezi kuliacha gari lenye shehena akaenda kusali, na utingo naye hawezi kubaki peke yake usiku. Washiriki wa hapo wanaweza kumwendea wakiwa na lesoni, chakula cha moto na maji. Malaika wa Eliya hakungoja nabii aje kanisani.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Mwaka 1905 Ellen G. White alichapa kitabu cha The Ministry of Healing, na humo anataja tiba za asili: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, lishe bora, maji, na kuutegemea uweza wa Mungu. Chukua orodha hiyo ukae nayo kama vile umo ndani ya kabini, uone ni ipi iliyo rahisi na ipi iliyo ngumu. Soma pia Matendo 8:26–38. Biblia ya Kiswahili inasema towashi alikuwa ameketi garini mwake, akisoma. Filipo hakumwita ashuke aende mahali fulani. Alipanda, akaketi pamoja naye.

Shemasi wa Makambako alikaa siku tatu kwenye foleni ya Tunduma. Sabato asubuhi alifungua Biblia asome lesoni, karatasi ya zahanati ikaanguka miguuni pa utingo. Kijana aliiokota, akaisoma.

“Mzee, hii presha ni ya nani?”

“Ya mtu.”

Kijana hakujibu. Alirudia kuisoma, akaikunja, akaiweka tena ndani ya Biblia, kwenye ukurasa uleule. Baada ya muda akasema kwamba baba yake alianguka hivyohivyo, shambani, na yeye alikuwa darasa la sita. Kisha akashuka kuchemsha maji.

Jioni, jua lilipokwisha kuzama, shemasi alimpigia mkewe simu, akamweleza yote. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akamuuliza swali moja tu, kama amekunywa dawa. Alikuwa hajanywa. Alikunywa simu ikiwa sikioni. Jumatatu alimpigia mwajiri. Gari lilipelekwa Lubumbashi na dereva mwingine, na posho ya safari ile ikaenda kwa huyo mwingine, na ada ya muhula ule ililipwa kwa kuchelewa na kwa kukopa. Alipumzika majuma sita akihudhuria kliniki. Aliporudi barabarani alikuwa na kipimo cha presha kwenye sanduku, sufuria, na kilo mbili za choroko. Presha yake bado inahitaji dawa kila siku.

Maswali ya Kujadili:

1. Malaika alimlisha Eliya mara mbili kabla ya safari ya siku 40. Katika kanisa lenu, nani anafanya kazi inayozidi nguvu zake? Je, mmekwisha kumuuliza analala saa ngapi?

2. Dereva anafahamu kwamba akisema ukweli kuhusu afya yake anaweza kupoteza kazi, na asiposema anaweza kuua watu wengine barabarani. Darasa lijadili jambo hili bila kulirahisisha. Kanisa linaweza kubeba sehemu gani ya hasara ya mtu anayesema ukweli?

3. Mmiliki wa malori aliye mshiriki anauliza: nikiwapa madereva wangu usiku wa kulala, washindani wangu watanitangulia kufika. Mtamjibu nini kutoka Kumbukumbu la Torati 5:15?

4. Utingo alijua kabla ya mke, kabla ya mchungaji, kabla ya mwajiri. Ni nani katika maisha yako anayelala karibu nawe kiasi cha kusikia unavyopumua, na je, umempa ruhusa ya kusema?